Nilimtetea Mungu mezani kwa habari za uongo, sasa mdogo wangu hapokei simu zangu

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Machame, na kwa sasa ni afisa ugani mkoani Morogoro, ambako pia ninafundisha shule ya Jumapili katika usharika wetu wa Kilutheri. Ninakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliye mwaka wa tatu wa uhandisi jijini Dar es Salaam, ambaye tangu Krismasi iliyopita hapokei simu zangu.

Kama ilivyo kwa Wachaga wengi, Desemba tulipanda wote nyumbani. Jioni ya tarehe 26, sufuria la machalari likiwa limeshawekwa mezani, shangazi alimwomba mdogo wangu aombee chakula. Alijibu kwa adabu kwamba afadhali mwingine aombe, kwa kuwa yeye haamini tena kwamba yuko anayesikiliza. Meza yote ilinyamaza. Mimi, nikiwa mtoto mkubwa wa nyumba na mwalimu wa watoto kanisani, niliona kwamba nikikaa kimya nitakuwa nimemkana Bwana mbele ya ukoo.

Katika simu yangu nilikuwa na mambo niliyoyahifadhi kutoka kundi la WhatsApp la walimu wa shule ya Jumapili, nami nikayatoa moja baada ya jingine. Nilisema kwamba Charles Darwin alitubu kitandani alipokuwa akifa, akaikana nadharia yake ya mageuzi ya viumbe. Nilisema kwamba wanasayansi wa NASA, walipokuwa wakikokotoa mizunguko ya sayari kwa kompyuta, waligundua kwamba kuna siku moja imepotea katika historia, na ikaonekana ndiyo ile siku Yoshua alipoliamuru jua lisimame. Nikamalizia na magurudumu ya magari ya Farao, ambayo nilisema yamepatikana chini ya Bahari ya Shamu. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole, akachukua simu yake na kuniomba ruhusa asome. Alisoma kwa sauti, taratibu, kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo, na ikadhihirika mbele ya wote kwamba habari zote tatu hazina msingi. Kisha akaniambia: "Kaka, kama haya umeyabeba bila kuyachunguza, nitajuaje kwamba hilo la mtu kufufuka umelichunguza?"

Baba mdogo alicheka. Nilijaribu kujibu, lakini mdogo wangu aliongeza kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa na mfalme Konstantino kule Nikea mwaka 325, na kwamba dini hii tuliletewa na Wajerumani walewale waliomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Sikuwa na jibu hata moja. Kwa hasira nikamwambia kwamba marehemu mama angemwonea aibu. Aliweka kijiko chini, akasema kwamba mama aliuawa na watu wa imani kama mimi, akatoka. Alilala kwa rafiki yake na alfajiri akapanda basi.

Ninapaswa kukueleza habari ya mama. Alifariki karibu miaka mitatu iliyopita kwa saratani ya shingo ya kizazi, mdogo wangu akiwa kidato cha sita. Alikuwa ameshaanza matibabu ya mionzi, kisha mhubiri mmoja wa mikutano ya nje, ambaye si wa kanisa letu, akamtangazia kwamba amepona na kwamba kurudi kliniki ni kumtilia Mungu shaka. Mama alikaa nyumbani miezi mitano. Niliporejea kwenye hili katika mawazo yangu nimeumia, kwa sababu mdogo wangu alinipigia simu wakati ule akiniomba nimshawishi mama arudi hospitali, nami nikamjibu kwamba tusishindane na mtumishi wa Mungu. Kwenye mazishi nilisema kwamba Mungu alimpenda zaidi.

Sasa baba ameapa kwamba hatamtumia fedha ya kodi ya chumba mpaka atubu, na anataka nimpeleke mchungaji Dar es Salaam azungumze naye. Mimi ninakuomba unipe hoja zenye nguvu na za kweli za kuitetea imani mbele ya mtu asiyeamini, ili safari hii nisiaibike.

Kaka Mkubwa, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama, na pole kwa Krismasi hiyo.

Nianze na mambo mawili ambayo hayana mjadala mrefu. Mwambie baba yako amtumie kijana fedha yake ya kodi leo, bila sharti, kwa kuwa toba inayopatikana kwa kumnyima mtu chumba ni hofu ya kulala nje, na kijana mwenye akili za uhandisi atautambua mpango huo kabla hamjaumaliza. Mchungaji naye asisafiri kwenda kumwona mtu ambaye hakumwita. Kama mdogo wako atamhitaji, atasema mwenyewe.

Tuje kwenye zile habari tatu. Nisingependa ukiri makosa peke yako, kwa hiyo nitakuambia langu. Nilifundisha somo la elimu ya dini katika shule ya sekondari kwa miaka 26, na ile habari ya Darwin kutubu niliisimulia darasani kwa zaidi ya miaka kumi, kwa uhakika wote, nikiwa nimeisoma kwenye kijitabu kilichogawiwa kwenye kongamano. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tano, binti mkimya wa dawati la nyuma, aliniuliza nani alikuwepo chumbani. Sikujua. Nikaenda kutafuta.

Nilichokipata ni hiki. Darwin alifariki nyumbani kwake Downe, Uingereza, tarehe 19 Aprili 1882. Habari ya toba yake ilichapishwa mwaka 1915 katika gazeti moja la Wabaptisti wa Marekani, yaani miaka 33 baadaye, na aliyeisimulia alikuwa mwinjilisti wa kike aliyejulikana kama Lady Hope. Binti yake Darwin, Henrietta, ambaye ndiye aliyekuwa kando ya kitanda, aliandika mwaka 1922 kwamba mama huyo hakuwepo wakati wa ugonjwa wa mwisho wa baba yake, na kwamba baba yake hakuikana kazi yake. Swali la yule binti wa dawati la nyuma lilikuwa na jibu katika maandishi muda wote huo, na mimi sikuwa nimejisumbua kulitafuta kwa sababu habari ilikuwa inanipendeza.

Ile ya siku iliyopotea ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata mtu asiye na intaneti angeweza kuitilia shaka kwa kufikiri tu. Ilianza kusimuliwa kwa sura nyingine tangu karne ya 19, kabla kompyuta hazijabuniwa, na NASA wenyewe wameikana. Fikiri hivi. Saa ya ukutani ikisimama usiku umelala, kisha mtu akaiwasha tena, asubuhi huwezi kuitazama saa hiyohiyo ukajua kwamba ilisimama. Lazima uwe na saa nyingine ya kulinganisha. Ili mtu agundue kwa hesabu kwamba siku moja imepotea, ingebidi awe na kumbukumbu nyingine ya mahali jua lilipokuwa kabla na baada ya siku hiyo, ambayo haipo. Mwanafunzi wa uhandisi aliliona hilo kabla hujamaliza sentensi, nami ninashangaa kwamba alikuacha umalize. Kuhusu magurudumu ya Farao sina haja ya kurefusha: picha zinazozunguka hazijawahi kufuatiwa na gurudumu lililochunguzwa na kuthibitishwa na wanaakiolojia.

Sasa lile swali alilokuuliza, kwamba atajuaje kama la ufufuo umelichunguza. Huenda utashangaa kusikia kwamba swali hilo lina umri wa miaka 1,600 na kwamba aliyelitabiri alikuwa askofu. Augustino wa Hippo, mji ulio katika Algeria ya leo, alipokuwa akifafanua kitabu cha Mwanzo mwanzoni mwa karne ya tano, alilalamika kwamba wapo Wakristo wanaosema ovyo kuhusu mbingu na mwendo wa nyota mbele ya watu wasioamini wanaoyajua mambo hayo vizuri, huku wakidai kwamba ndivyo Maandiko yasemavyo. Mtu asiyeamini, alisema Augustino, akimkuta Mkristo amekosea katika jambo ambalo yeye mwenyewe analifahamu, atawezaje kumwamini kuhusu ufufuo wa wafu? Mdogo wako, bila kujua, alikujibu kwa kinywa cha baba wa Kanisa.

Na kuna aliyemtangulia Augustino. Fungua Ayubu 13:7, ambapo Ayubu anawauliza rafiki zake kama wanadhani inafaa kusema udanganyifu kwa ajili ya Mungu. Wale watu watatu walikuwa watetezi wa imani kweli kweli. Walikuja na hoja zilizopangika, kila msiba una sababu yake na kila mgonjwa ana dhambi yake. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anawaka hasira juu yao kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena, na Ayubu ndiye aliyekuwa amemlalamikia Mungu sura baada ya sura. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi na bado inanitisha kama mwalimu wa dini.

Umeniomba hoja za kweli. Zipo, ila nataka uzibebe kwa uzito wake halisi, usiziongezee hata gramu moja.

Kwamba Yesu aliishi na akauawa chini ya Pontio Pilato si jambo la Wakristo peke yao kulisema. Tacitus, mwanahistoria Mrumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mnamo mwaka 116 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pilato wakati wa utawala wa Tiberio. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, alitaja katika miaka ya 90 kuuawa kwa Yakobo, ambaye anamwita ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, tukio linalowekwa kwenye mwaka 62. Yosefo huyohuyo ana kifungu kingine kirefu kuhusu Yesu ambacho utakikuta katika vijitabu vingi. Hicho usikitumie bila kusema kwamba wataalamu wengi wanaona waandishi Wakristo wa baadaye walikiongezea maneno. Mdogo wako atakiangalia, na wewe sasa unajua kwamba ataangalia.

Kuhusu ufufuo wenyewe, ushahidi wa zamani zaidi tulio nao ni barua, nayo ni 1 Wakorintho 15. Paulo aliiandika mnamo mwaka 55, miaka kama 25 baada ya kusulubiwa, na anasema kwamba anawakabidhi mambo ambayo yeye naye alikabidhiwa, kisha anaorodhesha waliotokewa: Kefa (yaani Petro), wale kumi na wawili, ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao bado walikuwa hai, Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye mwenyewe. Katika Wagalatia 1 anaeleza kwamba alikaa na Kefa siku kumi na tano huko Yerusalemu na akamwona Yakobo. Kwa hiyo mwandishi aliwajua watu anaowataja, na wasomaji wake wangeweza kwenda kuwauliza.

Mtazame huyo Yakobo kwa makini. Yohana 7:5 inasema kwamba ndugu zake Yesu hawakumwamini, na Marko 3 inasimulia jinsi watu wa nyumbani kwake walivyotoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Miaka michache baadaye Yakobo ni kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na anauawa. Kuna kitu kilimpata kati ya hapo na hapa, na orodha ya Paulo inasema ni nini. Mimi ninaiona hoja hii kuwa nzito kuliko zote za aina yake, kwa kuwa kumshawishi ndugu uliyekua naye ni kazi ngumu, wewe shahidi. Walakini sema ukweli juu ya mpaka wake. Historia inaweza kuonyesha kwamba watu hawa waliamini mapema sana kwamba walimwona akiwa hai, na kwamba walishikilia hivyo kwa gharama kubwa. Haiwezi kuchukua kipimo cha kaburi tupu. Kutoka hapo kwenda "Bwana wangu na Mungu wangu" ni hatua ambayo mtu huipiga mwenyewe, na ukimwambia mdogo wako kwamba hesabu imefunga, atakuwa na haki ya kukukatalia.

Katika lile la Nikea, yeye ndiye aliyekosea. Mtaguso ule, yaani mkutano wa maaskofu, ulikutana hasa kwa sababu ya mafundisho ya kasisi Ario kuhusu Mwana wa Mungu, ukashughulikia pia tarehe ya Pasaka, na katika kanuni zake 20 hakuna orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza tunayoifahamu yenye vitabu 27 hasa vya Agano Jipya, bila kuongeza wala kupunguza, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, na barua za Paulo na Injili nne zilikuwa zikisomwa makanisani muda mrefu kabla Konstantino hajazaliwa. Najua jambo hili litakufurahisha. Nakuomba ulitie mfukoni na ulikalie. Ukimtumia usiku huu, atasoma kwamba umekuja kusawazisha mabao.

Kuhusu Mangi Meli, hapo ndipo ninapotaka uwe mpole kuliko popote, kwa sababu mdogo wako amesema kweli na damu yenu imo ndani yake. Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Wameru na Waarusha, na mpaka leo ukoo wake unakitafuta kichwa chake kinachosemekana kupelekwa Ujerumani. Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walikuwa wameshafika Machame tangu 1893. Huwezi kusema kwamba hawa na wale hawakujuana. Watetezi wengi wa imani hukimbilia hapa habari za Aksum, ufalme wa kale katika eneo la Ethiopia ya leo, wakisema kwamba mfalme Ezana alikuwa Mkristo katika karne ya nne, zaidi ya miaka 400 kabla Karoli Mkuu, mfalme wa Wafaranki, hajawalazimisha Wasaksoni wa Ujerumani kubatizwa kwa upanga. Ni kweli tupu, na inatosha kabisa kuonyesha kwamba Ukristo si mali ya Wazungu. Ila injili iliyofika Machame haikushuka kutoka Aksum, na kijana wa Kichaga anayeuliza habari za kamba ya Old Moshi hajajibiwa kwa kuonyeshwa sarafu za Ezana zenye msalaba.

Kinachojibu kwa karibu zaidi kiko kwenu. Mwaka 1920 Waingereza waliwafukuza wamisionari Wajerumani, na kwa miaka kadhaa sharika za Kilimanjaro zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Wachaga. Kama dini ile ingekuwa koti la mkoloni tu, huo ndio ulikuwa wakati wa kulivua, kwa kuwa mwenye koti alikuwa ameondoka. Watu waliendelea kukusanyika, wakimwita Mungu kwa jina lilelile la Ruwa ambalo bibi zao walilitumia kabla Mjerumani yeyote hajapanda mlima. Kaa na wazee wa Machame uwaulize babu zao walifanya nini miaka ile. Utapata habari za kwenu ambazo hakuna kundi la WhatsApp lenye nazo.

Nimeandika kirefu juu ya hayo kwa sababu uliomba. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na sioni mahali ambapo mdogo wako alikuuliza habari za Darwin, wala za ufufuo, mpaka wewe ulipoanza. Petro anasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, na tufanye hivyo kwa upole na kwa hofu. Anayejibiwa hapo ni mtu aliyeuliza. Kijana wenu alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba haamini kuwa yuko anayesikiliza, na mtu hafiki kusema hivyo kama hajawahi kuita kwa muda mrefu.

Alimwita nani, na lini? Alikuwa kidato cha sita, mama yake amelala chumbani hana matibabu, mhubiri amesema amepona. Alikupigia simu wewe. Ukamwambia asishindane na mtumishi wa Mungu.

Nivumilie nikuambie ninachokiona, kwa kuwa hutasikia kwa baba wala kwa shangazi. Yule mhubiri alimpa mama yenu habari njema isiyokuwa ya kweli, akaifunga kwa jina la Mungu ili isichunguzwe. Miaka mitatu baadaye wewe umeketi mezani, ukampa mdogo wako habari tatu njema zisizokuwa za kweli, zimefungwa kwa jina lilelile. Wewe uliona mambo mawili tofauti kabisa. Yeye aliona mkono mmoja. Ndiyo maana aliposoma ile simu alisoma taratibu. Alikuwa anafanya kwa ajili yako kile ambacho hakuna mtu mzima aliyekifanya kwa ajili ya mama yake.

Kama kuna fundisho la kulipinga kwa Maandiko, ni lile la mhubiri. Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na katika 2 Timotheo 4:20 anasema bila haya yoyote kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa hawezi. Hamlaumu Trofimo kwa imani haba. Tena alisafiri na Luka, ambaye katika Wakolosai anamwita tabibu mpendwa. Hayo ungeweza kumwambia mama yako kwenye simu, na ungekuwa umeitetea imani siku ambayo utetezi wake ungeweza kumrudisha mtu kliniki. Sisemi haya nikuponde. Sijui kama angepona, wala wewe hujui, na saratani iliyochelewa huua hata wasioacha dawa. Ila mdogo wako anabeba swali hilo peke yake, na wewe ulilifunika kwa "Mungu alimpenda zaidi", maneno ambayo sijayaona mahali popote katika Biblia. Nilichokiona kwenye Yohana 11 ni Yesu akielekea kaburini kwa rafiki yake, akilia, ilhali alijua atakalolifanya dakika chache baadaye.

Usimpigie simu; mtu aliyekasirika akiona simu inaita huona deni. Mwandikie, kwa maneno yako, na yasizidi aya moja. Mwambie kwamba yale matatu uliyoyasema mezani umeyachunguza na si kweli, na kwamba hukupaswa kumtaja mama kwa namna ile. Mwambie kwamba unaikumbuka ile simu aliyokupigia, kwamba yeye ndiye aliyesema kweli siku ile na wewe ulikosea, na kwamba unaomba msamaha. Usiweke mstari wa Biblia. Usiandike "hata hivyo". Usimwombe ajibu.

Anaweza kukaa miezi. Akijibu kwa matusi, pokea. Akijibu kwa kuuliza swali, lolote lile, hata la Konstantino, basi hapo umeulizwa, na ndipo utoe kile ulichokitia mfukoni, ukisema pia yale usiyoyajua. Ikiwa atarudi nyumbani Desemba akiwa bado haamini, mpeni chakula, na aombe mwingine bila mtu kumtazama yeye.

Limebaki la watoto wako wa shule ya Jumapili, ambao hukusema lakini nina hakika umeshawasimulia ile habari ya siku iliyopotea. Waambie Jumapili ijayo kwamba mwalimu alikosea. Watoto wa umri huo hawashangazwi na jambo hilo. Watakachotaka kujua ni kama jua lilisimama au halikusimama. Wafungulie Yoshua 10, uwaonyeshe mstari wa 13, ambapo mwandishi mwenyewe anasema kwamba maneno hayo yameandikwa katika kitabu cha Yashari, kisha waambie kwamba kitabu hicho kilipotea zamani sana, na kwamba hakuna mwalimu yeyote, wa Morogoro wala wa Yerusalemu, aliyewahi kukisoma siku hizi.